Swali la Mwisho Kabla ya Kwenda Uwandani

Jana zilinifikia orodha tatu za vitabu za mwanafunzi wa uzamivu ambaye nimeombwa kuwa mmoja wa watahini wake, ili nizitie sahihi. Nilizisoma taratibu, kalamu mkononi, mpaka nilipokifikia kitabu cha mwanaanthropolojia Mwingereza Evans-Pritchard kuhusu Wanuer, wafugaji wa ng'ombe wa Sudan Kusini ya leo, kilichochapishwa mwaka 1940. Hapo niliiweka kalamu mezani na sikuishika tena jioni yote.

Mtihani anaopita mwanafunzi wa uzamivu wa anthropolojia kabla ya kwenda uwandani, yaani kwenda kuishi na watu atakaowachunguza, hauna sura moja kila mahali. Katika vyuo vya Uingereza mwanafunzi wa anthropolojia huandika maelezo marefu ya utafiti anaokusudia kuufanya, kisha hutahiniwa juu ya maelezo hayo kabla ya kuruhusiwa kwenda uwandani. Katika vyuo vingi vya Marekani, na katika vile vilivyofuata mkondo huo, hutangulia mtihani wa kufuzu unaotokana na orodha za vitabu ambazo mwanafunzi na watahini wake wamekubaliana: aghalabu moja ya nadharia, moja ya eneo la dunia atakalolichunguza na moja ya mada yenyewe. Hujibu kwanza kwa maandishi, kisha huketi mbele ya jopo na kuulizwa ana kwa ana. Akivuka hapo na pendekezo lake la utafiti likikubaliwa, huanza kuhesabiwa kuwa mtu anayeandika tasnifu.

Mimi nilipitia njia hii ya pili. Karibu mwaka mzima nilisoma na kufupisha kila kitabu kwenye kadi moja: hoja yake, anayepingwa humo, na ushahidi aliokuwa nao mwandishi. Maswali ya maandishi niliyajibu kwa muda wa siku tatu, na sina mengi ya kusema juu yake, kwani mtu aliyesoma kwa bidii huweza kuyajibu. Hata saa ya kwanza ya mahojiano ilikwenda vizuri. Niliulizwa juu ya insha ya msomi Mfaransa Mauss ya mwaka 1925 kuhusu zawadi, nikaeleza kwa nini kupokea ni wajibu sawa na kutoa. Niliulizwa kama shajara ya mwanaanthropolojia Malinowski, iliyochapishwa mwaka 1967 yeye akiwa ameshafariki, inabatilisha kitabu chake cha mwaka 1922 juu ya visiwa vya Trobriand, katika bahari ya Pasifiki, nikajibu kwamba haikibatilishi, ila inatulazimu kukisoma tukijua uchovu na chuki aliyokuwa nayo mtu yule yule aliyetufundisha kuishi na watu tunaowaandika. Jibu hilo nililiamini, na hata sasa ninaliamini.

Kisha mtahini wa tatu, ambaye hakuwa amesema neno tangu tulipoketi, alitoa nakala yake ya kitabu cha Wanuer, akaifungua kwenye utangulizi, akaigeuza ili maandishi yanielekee mimi, na kuisukuma katikati ya meza. Nilidhani angeniuliza juu ya mbari zinazogawanyika na kuungana kulingana na adui aliyepo, yaani ile nadharia ya jamii inayojiendesha bila serikali, ambayo kadi yake niliijua kwa moyo. Badala yake alinitaka niusome ukurasa ule kimya, nami nikausoma. Ni ukurasa ambao mwandishi anasimulia jinsi alivyojaribu kumwuliza mwanamume mmoja aitwaye Cuol jina la ukoo wake. Cuol anamjibu kila swali kwa swali jingine: kwani unataka kulijua? Utalifanyia nini? Utalipeleka nchini kwenu? Mwishowe anataja kabila, ambalo mwuliza alikuwa akilijua tayari, halafu anaomba tumbaku.

Ukurasa ule niliwahi kuusoma. Katika kadi yangu nilikuwa nimeandika maneno manne tu: ugumu wa kupata habari.

Mtahini aliniuliza hivi: "Wewe unakwenda kuchunguza migogoro ya urithi wa ardhi. Mtu wa kwanza utakayemwuliza ukoo wake akikuuliza utalifanyia nini jina hilo, utamwambiaje? Naomba usinijibu kutoka kwenye orodha."

Nilinyamaza. Nimeshasimulia kisa hiki mara kadhaa, na kila mara nakipita kimya hicho haraka, ilhali ndicho kilichobaki. Nilijua kwamba utafiti wa Wanuer uliombwa na kugharimiwa kwa sehemu kubwa na serikali iliyoitawala Sudan wakati ule. Nilijua kwamba mwandishi mwenyewe anakiri, katika utangulizi ule ule, kuwa alfajiri moja askari wa serikali waliizingira kambi alimokuwa akiishi, wakiwatafuta manabii wawili, na wakachukua mateka. Yote haya nilikuwa nimeyaandika kwa ufasaha siku tatu kabla, nikiyahukumu kama mambo ya zamani ya watu wengine. Lakini pale mezani niliona kwa mara ya kwanza kwamba katika mgogoro wa ardhi jina la ukoo ni ushahidi, kwamba daftari langu lingejaa ushahidi wa namna hiyo, na kwamba sikuwa nimejiuliza hata mara moja nani angeweza kulisoma. Niliutazama ukurasa. Pembeni yake palikuwa na mstari wa penseli uliofifia, nikawa naufuata kwa macho kutoka juu hadi chini, kana kwamba jibu lingekuwa mwishoni mwake.

Mtahini mwingine alifungua mdomo ili anisaidie, nadhani kwa kuligawa swali katika sehemu nyepesi. Yule aliyeuliza akainua kidole kimoja, si kwa ukali, na mwenzake akanyamaza. Msimamizi wangu alikuwa akiitazama mikono yake. Hatimaye nilisema kwamba ningemwambia ukweli. "Ukweli upi?" akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kwa dhati. Nikasema sikuwa nao bado.

Yaliyofuata yalikwenda upesi. Nilitolewa nje, nikaitwa ndani, nikaambiwa nimefaulu kwa sharti la kuandika upya sehemu ya mbinu na maadili katika pendekezo langu. Niliiandika. Niliahidi majina ya kubuni, daftari mbili zilizotengwa, na ridhaa ya kila mtu, na jopo likaridhika.

Mwaka uliofuata, katika juma langu la pili uwandani, mama mmoja mzee aliniuliza swali la Cuol karibu neno kwa neno. Nilimweleza yote niliyokuwa nimeyaandika. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba kuliona daftari, akalishika kitambo bila kulifungua, akanirudishia, kisha akanitajia jina. Miezi saba baadaye nilikuja kujua kwamba halikuwa jina lake wala la ukoo wake. Mimi nilikuwa nimekusudia kumpa jina la kubuni nitakapoandika. Yeye alikuwa amekwisha kulichagua mwenyewe siku ile ya kwanza, na ndilo nililolitumia katika tasnifu. Sijui kama maelezo yangu yalimtosha au yalimthibitishia kwamba alikuwa na sababu ya kujilinda. Sikuthubutu kumwuliza.

Leo asubuhi nimezitia sahihi orodha za mwanafunzi. Katika pendekezo lake amesema atazihoji kaya arobaini juu ya madeni yao, na pembeni ya sentensi hiyo nimeweka mstari wa penseli. Nitamwuliza swali lile lile, nalo nimelipa nafasi ya mwisho, kwa sababu naamini ni bora akutane nalo mezani kwetu kuliko kukutana nalo kwa mara ya kwanza mlangoni kwa mtu. Ninachoshindwa kuamua ni hiki: akinyamaza kama nilivyonyamaza mimi, na mwenzangu mmoja akataka kumsaidia, je, nitainua kidole?