Siku moja maishani mwangu: fundi wa faiba na maji ya bamvua

Saa kumi na moja alfajiri, Wiyoni, Lamu. Maji yamejaa pomoni, na kwa kuwa ni bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tunaweza kuipandisha boti juu sana pwani kabla hayajaanza kupwa. Ni boti ya abiria, ya faiba (nyuzi za kioo zilizoshikanishwa tabaka juu ya tabaka kwa gundi ngumu), na jana jioni iligonga kona ya zege ya gati. Nahodha na vijana wake wamekesha wakifua maji, kuyatoa botini. Tunaitia magadi, yaani miti ya kuitegemeza, pande zote mbili isije ikalalia ufa, kisha tunasubiri. Kwenye saa tano maji yatakuwa yamepwa kabisa, na alasiri yatarudi. Kazi yote lazima iingie hapo katikati.

Saa moja na nusu tumbo liko nje. Ufa una shubiri moja na nusu, upande wa kushoto, pale ubavu unapokutana na tumbo. Grinda inabaki kwenye kapu kwanza. Natoa bisibisi na kugonga polepole kwa mpini wake. Faiba nzima hujibu kwa sauti kavu, kali. Iliyoachana matabaka hujibu kwa sauti nzito, butu. Kila sauti inapobadilika natia alama ya penseli, na alama zinatoka nje ya ufa kwa zaidi ya upana wa kiganja. Nyufa nyingi anazoziona mtu kwenye boti huishia kwenye jelikoti, lile tabaka la juu linalong'aa, na hizo haziizamishi. Huu umepita mpaka ndani: maji yaliyobaki ngamani, chini kabisa ndani ya boti, bado yanadondoka kupitia humo.

Saa mbili tunaosha kwa maji ya kisima, tena na tena, kwa sababu chumvi ikibaki huvuta unyevu na rezini, ile gundi ya faiba, haitashika. Kijana anauliza kwa nini tusiuzibe tu kwa pamba na kuipeleka majini, kama wanavyofanya mafundi wa majahazi kule Matondoni. Namweleza kwamba ubao hunywa maji, ukavimba, ukaibana kalafati, ile pamba ya kuzibia. Faiba haivimbi. Kila wimbi likiipiga, ufa husonga mbele kidogo. Ndiyo sababu natoboa tundu la milimita 3 kwenye kila ncha yake, ufa uishie hapo.

Saa tatu jenereta inawaka. Barakoa, miwani, mikono mirefu. Vumbi la faiba ni vioo vidogo vidogo, na kifua hakiwezi kukitema kioo. Nachimba mfereji mwembamba kuufuata ufa, kisha nakwangua jelikoti pande zote mpaka nyuzi zionekane. Kama yangekuwa matengenezo ya kudumu, ningeichonga faiba kwa mteremko wa mara 12 ya unene wake: milimita 6 za unene, zaidi ya sentimita 7 za mteremko kila upande. Na ningeiacha ikauke siku kadhaa kwanza. Leo sina siku, nina saa. Hiki ni kiraka cha kuivusha boti mpaka bandani, na ninasema hivyo mapema, mbele ya kila mtu.

Saa nne na nusu jua ni kali, tumbo limekauka. Napangusa kwa asetoni, mbali na jenereta, maana mvuke wake hushika moto upesi. Halafu rezini. Nusu kilo hutaka gramu 5 hadi 10 za hadina, dawa ya kuigandisha, si zaidi, na katika joto la leo naanzia chini. Ukizidisha, inaganda kwenye kopo kabla hujashika brashi. Chupa ya hadina siiachii mtu mwingine. Ikirukia jichoni inaweza kupofusha.

Mfereji naujaza kwa rezini iliyochanganywa na nyuzi zilizokatwa fupi. Juu yake mikeka mitatu ya faiba, wa kwanza mdogo, wa mwisho mkubwa, ukivuka alama zote za penseli kwa vidole vitatu. Pembe zote nazikata mviringo, kwani pembe kali ndiyo maji huanza kuibandua. Halafu rola, taratibu, mpaka kila povu la hewa litoke. Mwisho nalaza karatasi ya nailoni juu, maana rezini hii ikiachwa wazi kwa hewa hubaki inanata.

Saa saba nahodha ananijia. "Fundi, kesho nina abiria wa uwanja wa ndege, Manda."

"Kwa boti hii huna, nahodha."

"Si imeshika?"

"Imeshika. Lakini matabaka ya chini bado yameachana, na humo ndani mna unyevu. Ukiikimbiza na watu kumi, tumbo litapigwa hapo hapo."

Hajafurahi, na namwelewa, kwa sababu siku bila safari ni siku bila chakula kwa watu wengi. Ila mle watakaa mama na watoto wao. Naandika kwa kalamu ya wino mzito karibu na usukani: tarehe ya leo, KIRAKA CHA MUDA, HAKUNA ABIRIA.

Saa tisa maji yanagusa kiraka. Ndani nimepaka unga wa chaki; tone likipenya, chaki itabadilika rangi. Mpaka saa kumi na moja, boti ikielea, chaki ni nyeupe pembeni kote isipokuwa doa moja dogo kwenye ncha ya mbele. Naongeza pati ya epoksi ya kushika penye maji, nasubiri, doa halikui.

Kesho alfajiri, maji yakijaa, tutavuka hadi bandani upande wa Mokowe: boti tupu, mwendo wa taratibu, pampu ikiwa tayari. Nahodha atashika usukani. Mimi nitakaa chini na tochi, nikiangalia chaki.