Kaunda, Jirani Aliyelipa Gharama

Sisi wakazi wa Mbeya tunaishi kando ya maamuzi ya Kenneth Kaunda. Reli ya TAZARA na bomba la mafuta la TAZAMA, vinavyounganisha Tanzania na Zambia, visingepita katika nyanda hizi kwa haraka ile kama rais wa kwanza wa Zambia, aliyeongoza kwa miaka 27, angekubali kuendelea kuitegemea Rhodesia, Zimbabwe ya leo.

Zambia ilipopata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964, shaba yake, ambayo ndiyo iliyoleta karibu fedha zote za kigeni, ilisafirishwa kwa reli ya Rhodesia hadi bandari ya Beira, Msumbiji, na umeme wa migodi ulizalishwa Kariba kwenye mitambo iliyokuwa ukingo wa kusini wa mto Zambezi, upande wa Rhodesia. Mwaka mmoja baadaye, Ian Smith, waziri mkuu wa Rhodesia, alijitangazia uhuru kutoka Uingereza ili walowezi wachache wa Kizungu waendelee kutawala. Kaunda aliunga mkono vikwazo dhidi ya Rhodesia huku akijua kwamba nchi yake ndiyo ingeumia kwanza, na kweli mafuta yakakatika kabla ya mwaka 1965 kwisha. Malori yakaanza kupita Iringa na Mbeya yakiwa na mapipa ya mafuta, yakirudi na shaba, katika barabara ambayo kwa sehemu kubwa haikuwa na lami na ambayo wakati wa masika iligeuka tope la kuzamisha magurudumu. Bomba lilikamilika mwaka 1968. Reli, ambayo mataifa ya Magharibi yalikataa kuigharamia, ilijengwa kwa mkopo wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na anayetaka kuelewa ugumu wa kazi hiyo apande treni aangalie mahandaki na madaraja ya kati ya Mlimba na Makambako.

Namheshimu sana kwa hayo, lakini siwezi kunyamazia mwaka 1972. Simon Kapwepwe, rafiki yake tangu utotoni huko Chinsali na aliyewahi kuwa makamu wake wa rais, alipoanzisha chama chake, Kaunda alikipiga marufuku, akamweka kizuizini, na kabla ya mwaka kwisha Zambia ikawa nchi ya chama kimoja. Wapo wanaomtetea kwa hoja ya hatari za mpakani. Hatari zilikuwepo, ila mtu aliyewahi kufungwa na wakoloni kwa sababu ya siasa alipaswa kuwa wa mwisho kumfunga mwenzake kwa sababu hiyo hiyo.

Bei ya shaba ilipoporomoka katikati ya miaka ya 1970, deni likakua, na unga wa mahindi ulipopandishwa bei, watu waliingia mitaani mwaka 1986 na tena 1990, wengine wakapoteza maisha. Kaunda aliruhusu vyama vingi, akafanya uchaguzi tarehe 31 Oktoba 1991, akapata takriban robo tu ya kura mbele ya mgombea wa upinzani, Frederick Chiluba, akakubali matokeo na kuondoka Ikulu. Wakati ule marais wa Afrika walioshindwa kwenye sanduku la kura na kukabidhi madaraka kwa amani walikuwa wachache mno. Waliomfuata hawakumtendea vyema: alikamatwa siku ya Krismasi mwaka 1997, na mwaka 1999 mahakama ikamtangaza kuwa si raia wa nchi aliyoiasisi, kwa kuwa wazazi wake walitoka Malawi. Uamuzi huo ulitenguliwa baadaye.

Jambo linalonigusa kuliko yote ni la mwaka 1987, alipotangaza hadharani, akiwa bado rais, kwamba mwanawe Masuzyo alifariki kwa UKIMWI. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, tulikozika vijana wengi kwa ugonjwa huo, familia nyingi zilisema marehemu amerogwa au zilinyamaza kabisa. Kaunda aliutaja ugonjwa kwa jina lake, na baada ya kutoka madarakani aliendelea kupambana nao hadi uzeeni. Alifariki tarehe 17 Juni 2021, akiwa na umri wa miaka 97.