Nilivyojifunza Kuitambua Kisti ya Himalaya

Mzizi unaouzwa katika maduka yetu ya dawa za Kisuna kwa jina la kisti hindi, kando ya habbasoda na asali, ndio uleule ambao matabibu wa Ayurveda, tiba ya jadi ya India, huuita kushtha na wakulima wa Himalaya huuita kuth. Mama yangu, aliyeko Tanga, huutumia kifua kinapombana. Nilipokuwa nikisoma ufamasia Chandigarh, kaskazini mwa India, aliniagiza: "Niletee ule wenyewe wa milimani, mwanangu, hizi unga za madukani sizielewi." Kabla ya kununua chochote niliona nijue kwanza Wahindi wenyewe wanautumia kwa lipi, na mzizi halisi ukoje.

Vaidya mmoja, yaani tabibu wa Ayurveda, wa makamo, aliniruhusu kukaa chumbani mwake jioni, akiwahudumia wagonjwa. Kwake dawa haielezwi kwa jina la ugonjwa pekee. Kwanza hutajwa ladha yake, kisha iwapo inaupa mwili joto au baridi, ndipo ijulikane inatuliza nini. Kuth ni chungu na kali, ni nyepesi, na nguvu yake ni ya joto, kwa hiyo hutuliza nguvu mbili ambazo Ayurveda husema zinauendesha mwili: vata, inayohusishwa na upepo na maumivu, na kapha, inayohusishwa na ubaridi na makohozi. Kutokana na hapo matumizi mengine yanafuata yenyewe: kikohozi chenye makohozi, pumzi fupi, kwikwi, gesi tumboni, viungo vinavyouma wakati wa baridi, na baadhi ya maradhi ya ngozi, ambayo hupakwa mzizi uliosagwa. Charaka Samhita, kitabu cha kale cha Ayurveda, huuweka katika kundi la mimea 10 ya "kukwangua", yaani inayosemwa kuondoa mafuta na uzito uliozidi mwilini.

Kilichonivutia zaidi ni jinsi alivyokuwa akikataa kuutoa. Mgonjwa mwenye kiungulia au vidonda vya mdomoni hakupewa, kwa kuwa tayari ana joto la kutosha. Mjamzito hakupewa kabisa. Aliyepewa alipata unga kidogo sana, ukichanganywa na asali. Huku pwani nimewahi kuona watu wakichota kijiko kizima asubuhi na jioni kwa hoja kwamba dawa ya asili haina madhara. Mzizi huu una kemikali mbili mashuhuri, kostunolaidi na dehidrokostasi laktoni, ambazo katika maabara zimeonyesha uwezo wa kupunguza uvimbe, lakini hizohizo huamsha mzio mkali wa ngozi, na ndiyo sababu mafuta yake hayaruhusiwi tena katika viwango vya kimataifa vya watengeneza manukato. Uchunguzi uliofanywa kwa binadamu bado ni mchache. Nilimwandikia mama mapema kwamba kisti isichukue nafasi ya dawa yake ya kuvuta.

Kuutambua ndiko kulikohitaji subira. Katika soko la Khari Baoli, Delhi ya zamani, magunia ya mizizi yanayofanana hukaa bega kwa bega, na jirani mkubwa wa kuth ni pushkarmul, mmea mwingine wa milima hiyohiyo. Vitabu vya Ayurveda vyenyewe vinaruhusu kuth itumike pale pushkarmul inapokosekana, kwa hiyo muuzaji anayekuchanganyia anaweza hata kukutolea hoja. Vaidya alinionyesha kwa mkono: alichukua kipande kinene cha rangi ya kijivu iliyoelekea kahawia, chenye mikunjo iliyokwenda kwa urefu, akakivunja. Harufu ilitoka papo hapo, tamu na nzito, yenye mafuta ndani yake kama nywele ambazo hazijaoshwa. Nilipotafuna chembe, utamu mdogo ulitangulia, kisha uchungu ukakaa ulimini kwa muda mrefu. Ukishasagwa, alama hizi nyingi hupotea, na unga waweza kutiwa chochote.

Baadaye nilipanda hadi Lahaul, katika jimbo la Himachal Pradesh, kupitia handaki la Atal lililofunguliwa 2020. Kuth imelimwa huko tangu miaka ya 1920, ingawa mashamba mengi sasa ni ya viazi na njegere. Mizizi huchimbwa majira ya kupukutika majani, baada ya mmea kukaa ardhini miaka kadhaa. Ule wa porini ulichimbwa mno kwa ajili ya ubani na dawa, hata CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, ukauingiza mwaka 1985 katika Kiambatisho cha I, chenye masharti makali zaidi. Biashara hii ni kongwe: Periplus, mwongozo wa mabaharia wa karne ya 1, unataja kostasi, yaani kuth hiyohiyo, ikisafirishwa kutoka bandari za India, na kitabu hichohicho kinaieleza Rhapta, mji wa kale wa biashara wa pwani yetu.

Kwa sababu ya mkataba huo sikuutia mzizi hata mmoja katika sanduku. Hata uliolimwa shambani unahitaji hati za kuthibitisha asili yake na kibali cha kuutoa nchini, na mambo hayo hayamalizwi na mwanafunzi aliyekwenda likizo. Badala yake nilimpigia mama simu ya video, nikamwonyesha kipande, nikakivunja mbele yake na kumweleza harufu na ladha. Alikwenda dukani akaomba mizizi mizima. Duka la kwanza lilikuwa na unga tu, akaondoka. La pili lilikuwa nayo, akavunja mmoja pale pale kwenye kaunta, akanusa, akanunua kidogo na kuusaga mwenyewe nyumbani.