Anwani ya barua ya nkambo

Mwaka 1961 nilikuwa na miaka 10, tukikaa mtaa wa Kenya mjini Elisabethville, leo Lubumbashi. Baba alikuwa karani wa reli. Jioni majirani wasiojua kuandika walimletea barua zao, naye aliwaandikia, taa ikiwa katikati ya meza. Kazi yangu ilikuwa kukunja karatasi na kulamba bahasha.

Jioni moja ya Agosti alikuja jirani yetu, mama mzee tuliyemwita nkambo, yaani bibi. Mwanawe wa kiume alikuwa jandarmu, yaani askari, wa Tshombe, kiongozi wa Katanga yetu, huko kaskazini. Binti yake aliolewa Kitwe, Rhodesia ya Kaskazini, leo Zambia, na barua ilikuwa ya kwenda kwake. Baba aliandika yote aliyoambiwa: goti linalouma, bei ya unga, mjukuu aliyeota meno. Shida ilikuja kwenye bahasha. Nyuma, mahali pa mtumaji, baba aliandika: Elisabethville, Congo. Kisha akamsomea.

"Si Congo, mwanangu. Andika Katanga."

"Mama, Katanga ni jimbo la Congo."

"Jimbo lina jeshi? Mbona mwanangu amevaa sare ya Katanga?"

Baba akanyamaza. Hata stempu niliyokwisha kuibandika ilisema Katanga. Tshombe alitangaza kujitenga tarehe 11 Julai 1960, siku 11 tu baada ya uhuru wa Congo, na tangu hapo tulikuwa na bendera yenye misalaba mitatu ya shaba, noti zetu, na askari wakiongozwa na maofisa wa Kibelgiji. Kodi ya Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, ilibaki kwetu, haikwenda Léopoldville, mji mkuu wa Congo, leo Kinshasa. Ila hakuna dola hata moja iliyoitambua Katanga, hata Ubelgiji iliyoishika mkono. Umoja wa Mataifa, uliokuwa na askari wake mumo humo mjini, uliihesabu kuwa sehemu ya Congo. Hayo niliyajua ukubwani. Wakati ule nilijua tu kwamba baba, mzaliwa wa Kasai, jimbo jingine la Congo, alikuwa ameanza kufunga mlango kabla ya giza kuingia.

Leo naelewa alichokuwa anakitetea pale mezani. Katanga ikiwa jimbo, yeye ni mwananchi aliyehama kufuata kazi. Ikiwa dola, yeye ni mgeni, na mimi niliyezaliwa hapa, ninayeota ndoto kwa Kiswahili na ambaye Kasai sijawahi kuiona, ni mwana wa mgeni. Kila nikisikia watu wakibishana kuhusu hadhi ya eneo lililojitenga, nataka kwanza kujua ni nani atakayeamka asubuhi akiambiwa si wa hapo.

Baba alikata neno Congo kwa mstari mmoja, akaandika Katanga. Nkambo alitaka barua imfikie binti yake, basi. Alilipa faranga 5, sarafu mpya, mkungu wa ndizi upande mmoja na msalaba upande wa pili. Baba akanipa mimi.

Wiki chache baadaye vijana walipita usiku wakigonga milango ya Wakasai. Alfajiri tulikimbilia kwa askari wa Umoja wa Mataifa, Waswidi. Nkambo alitubebea sufuria hadi njia panda, akalia kwa sauti, akarudi. Kambini tulikutana na watu wa kabila letu, Waluba, makumi ya maelfu, chini ya vibanda vya matawi, magunia na mabati. Maji tulipanga foleni tangu usiku. Mdogo wangu wa kike aliharisha siku nne, na mama hakumtua mgongoni.

Mdogo wangu alipopata nafuu, baba aliomba karatasi, akamwandikia kaka yake aliyekuwa Bakwanga, huko Kasai. Alipofika kwenye bahasha aliigeuza, akaandika jina lake, halafu: kambi ya wakimbizi, Elisabethville. Nilingoja aandike mstari wa mwisho. Akaifunika kalamu, akanipa bahasha niilambe.