Uzamili ukiwa Tanga: piga hesabu kabla ya kulipa ada

Anayeulizia uzamili hapa Tanga huanza na ada. Ada ni sehemu nyepesi. Kinachouma ni mshahara unaouacha, na nyongeza inayopukutika kabla ya kufika mkononi.

Mchukue mfanyakazi wa kampuni binafsi pale bandarini, mshahara 1,200,000 kwa mwezi. Akishakatwa 10% ya NSSF (mfuko wa pensheni) na kodi, anabaki na 928,000. Tuseme uzamili utampandisha hadi 1,500,000. Ile 300,000 haiji nzima: NSSF inachukua 30,000, na kwa kuwa kipato kimeshavuka milioni moja, kodi ni 30% ya 270,000 iliyobaki, yaani 81,000. Mkononi inaingia 189,000. Mwenye deni la Bodi ya Mikopo anakatwa tena 15% ya ile 300,000, yaani 45,000, mpaka deni liishe.

Sasa aache kazi miezi 18 aende Dar. Mshahara uliopotea ni 16,704,000. Ada tuiweke 7,000,000. Jumlisha, kisha gawa kwa 189,000: miezi 125, na chumba na chakula cha Dar havimo. Aliyeanza masomo na miaka 48 hela yake inarudi akiwa na 60, siku ya kustaafu.

Akisoma huku anafanya kazi, kwa mfano Chuo Kikuu Huria, ada na nauli zikafika 10,000,000, ni miezi 53 tu. Kwa mwenye familia mimi naona njia ni hii.

Mtumishi wa umma asidhani cheti peke yake kinapandisha mshahara. Kinachotazamwa ni muundo wa utumishi wa kada yake. Ausome kwa afisa utumishi kwanza, na ruhusa ya masomo aipate kwa maandishi. Daktari anayesomea ubingwa njia yake iko wazi. Anayetaka kufundisha chuo kikuu aangalie GPA (wastani wa alama) ya shahada ya kwanza: ikiwa chini ya kiwango ambacho chuo kinataka, uzamili hauifuti.

Wengi hukwama kwenye tasnifu. Vipindi vya darasani huisha kwa ratiba, utafiti hauna kengele. Kila mwaka wa kuchelewa ni 2,268,000 za nyongeza ambazo hazikuja, na ada juu yake. Basi mada itafute hapahapa, mahali unapofika kwa bodaboda ukitoka kazini, na barua ya kuomba kibali cha kukusanya taarifa ipeleke mapema, wakati vipindi vya darasani bado vinaendelea.