Nanokristali na eosini: mradi umefika hapa

Haya, kwa mliokuwa mnauliza kama nanokristali, yaani chembe ndogo mno za fuwele, zinaweza kuipa rangi ya eosini nguvu ya mwanga itengeneze oksijeni kali, nanokristali zenyewe zimekubali. Ni zinki oksaidi, unayeyusha zinki aseteti ndani ya ethanoli safi halafu unatia kostiki soda pole pole huku unakoroga, na chupa isikae wazi manake zikinywa maji zinashikana zinatua chini, na unyevu wa Mombasa mnaujua wenyewe. Ile taa ya UV ya kuangalia noti feki, ya 365 nm (nanomita, urefu wa wimbi la mwanga), niliazima duka la M-Pesa hapa Kongowea. Ukiimulikia chupa inawaka kijani cha umanjano, safi sana wallahi.

Rangi ni eosini, ile pinki ya kupaka slaidi za maabara. Yenyewe inapenda mwanga wa kijani, karibu 520 nm, na mng'ao wa zinki unaangukia huko huko. So kristali inameza UV, inampasia eosini ile nguvu, eosini inaipandisha oksijeni iliyomo kwenye ethanoli inakuwa oksijeni singleti, yaani oksijeni iliyopandishwa nguvu, kali balaa lakini haidumu, kwenye maji ni maikrosekunde 3 hadi 4 tu imekwisha.

Ukidondosha eosini kidogo ule ukijani unafifia hapo hapo. Kuna watakaosema basi, imeshafanya kazi. Mimi bado, pengine eosini imeuziba mwanga wa taa usifike kwenye kristali tu.

Ndio nikaleta potasiamu iodidi na karatasi iliyopakwa uji wa muhogo. Singleti ikigusa iodidi inatoka iodini, na tone lake kwenye karatasi linageuka zambarau. Chumvi ya jikoni hapana, yetu ya Kenya inatiwa iodeti, si kitu kimoja. Mchanganyiko uliomulikwa ulitoa zambarau nzito ya kuvia hadi pembeni, eosini peke yake ikatoa kivuli tu, uliofungwa foili haukutoa kitu. Lakini zinki peke yake pia ilitoa rangi kiasi, na hiyo ndiyo inanikera, kwa sababu zinki ikipigwa UV inatengeneza radikali zake, chembe kali nazo zinaweza kuitoa iodini, bila msaada wa mtu.

Sasa natafuta fluoreseini, zile karatasi za machungwa madaktari wa macho wanagusisha jichoni. Eosini ni hiyo hiyo fluoreseini iliyobandikwa atomu 4 za bromini, na bromini ndizo zinazoifanya itoe singleti kwa wingi, fluoreseini yenyewe inang'aa tu, singleti yake kiduchu. Ikififisha ukijani vile vile na zambarau isipande, basi eosini ndiyo inafanya kazi. Ikipanda, nina maswali mapya. Mwenye nazo Mombasa aniambie, na bei.