Ugoko unauma? Weka kidole kwanza

Kila Kili Marathon ikikaribia meseji ni zile zile, kaka ugoko unaniuma nifanyeje, na ukimuuliza vizuri unakuta kashakandwa maji ya moto na kuna mtu kwenye klabu kamchua mpaka machozi yakamtoka. Jamani tusichue kwanza.

Pitisha kidole taratibu upande wa ndani wa ugoko, toka chini ya goti mpaka karibu na kifundo. Kama maumivu yametanda, yamechukua upana wa vidole vitatu vinne kwenda juu, na yanapungua mwili ukishapata moto kwa kukimbia, mara nyingi hapo mfupa na utando wake umelemewa tu, umeongeza kilomita haraka. Punguza, hamia njia ya vumbi kama ipo, fanya mazoezi ya vigimbi (kuinukia vidole, taratibu), utarudi. Lakini kama ni sehemu moja ndogo, ukiibonyeza tu unaruka, ukikimbia inazidi na usiku umelala bado inauma, mi hiyo naihesabu ni ufa kwenye mfupa mpaka daktari aseme siyo. Unaacha kukimbia leo, sio baada ya mbio.

Balaa liko kwenye eksirei. Mtu anapiga picha, anaambiwa mfupa uko safi, kesho yuko lami. Ufa huu wiki mbili tatu za mwanzo mara nyingi hauonekani kwenye eksirei, kipimo cha MRI ndo kinauona mapema ila bei yake tunaijua wote, so kama huna hiyo hela pumzika kama vile ufa upo halafu rudia picha baadaye.

Ukithibitika ni kama wiki 6 mpaka 8 bila kukimbia, kuogelea ruksa kama hakuumi. Ufa ukiwa mbele kabisa ya mfupa hapo usicheze, unaunga kwa shida na unaweza kuvunjika kabisa, wengine wanawekewa chuma. Na hizi dawa za maumivu, diklofenaki, za kumeza ili umalizie mazoezi, acheni, maumivu yanajificha ila mfupa unaendelea kuumia.

Dada zangu, kama unakimbia sana unakula kidogo na miezi inapita huoni siku zako, mwambie daktari hata kama hajauliza, mifupa inadhoofika hivyo hivyo. Wanaume wa kufunga kula ili wapungue mnahusika pia.